Likizo ya Uduvi

Miaka kumi na saba nimeuza suruali za tembo
hatua mia mbili kutoka majini
na sijawahi kukalia kiti cha ufukweni.

Nyumbani naitwa Kung, yaani uduvi:
nilizaliwa mwekundu, nimejikunja.
Wageni hawaulizi jina. Huuliza, "Ngapi?"
nami huwapa kikokotoo.

Hicho ndicho kinywa changu.
Naandika 350. Mgeni anafuta, anaandika 100.
Nashika kifua kama niliyefiwa.
Naandika 280. Anapiga hatua tatu za kuondoka,
hatua za uongo, visigino vinasikiliza,
namwita, 200, tunacheka sote,
na tembo thelathini wanakunjwa mfukoni
kwenda kuishi kwenye theluji.

Jana mvua ya Novemba ilifunga gati.
Feri ya Surat Thani haikuja.
Soko zima la Thong Sala likapiga miayo;
Bang Heem wa chapati za ndizi akazima jiko,
akalala na redio tumboni.

Saa nane mvua ikachoka.
Nikashusha turubai, nikatungua kofia ya ukindu msumarini,
moja ya zangu za kuuza,
nikaenda.

Kijana wa viti ametoka Isan mwezi uliopita, hanijui.
Akaiona kofia, akanisalimia kwa Kiingereza.
Akatoa kikokotoo: 100.
Nikatoa changu: 40.
Tukakaa hivyo, kinywa kwa kinywa,
hadi nikamwambia kwa Kithai cha hapa hapa kisiwani,
"Sitini, mwanangu, na ufute mchanga."
Akafuta, masikio yamemwiva.

Kukaa ni kazi, jamani.
Sikujua mikono niiweke wapi.
Nilikunja taulo. Nikalikunjua, nikalikunja tena.
Nilihesabu viti: ishirini na viwili, vitupu kumi na tisa.
Nikavizidisha kwa sitini.
Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa,
na hakuna aliyeiulizia bei.

Ndipo akapita mama mmoja wa kizungu, mnene, mvi zimelowa,
amevaa suruali ya buluu.
Yangu. Niliijua kwa kamba ya kiuno;
kamba zote hupitisha mwenyewe kwa pini, usiku,
miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto.

Na nilijua pia kilichokuwa mapajani.
Zinapasuka pale siku ya tatu. Zote.
Mwenye kiwanda anajua, mimi najua,
na feri huwa imeshawachukua.

Nikajifunika uso kwa kofia.

Lakini ukindu una matundu.
Nikaona: alikuwa ameishona.
Uzi wa kijani juu ya buluu, mshono mrefu, mbovu,
wa mkono ambao haujashika sindano tangu shuleni,
ukimpita tembo mmoja shingoni kama mkufu.
Alikuwa akirusha gome la nazi majini
na kumkimbilia mbwa asiye wake.

Sikumwita. Ningemwambia nini, na kwa tarakimu ipi?

Jioni, nikivua kofia, kitu kikanikwaruza shavu.
Lebo. Mchana kutwa ilining'inia sikioni:
350.
Kumbe ndiyo maana yule kijana alikuwa akitabasamu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikasimama mbele ya meza yangu, upande wa wateja.
Nikaandika 100. Nikazunguka, nikashika kifua.
Nikaandika 280. Nikazunguka tena, nikapiga hatua tatu.
Hakuna aliyeniita.
Nikarudi mwenyewe, nikalipa 200,
nikaiweka noti kando, nje ya droo.

Leo alfajiri feri imepiga honi.
Sisi wa soko hugonga bidhaa kwa pesa ya mteja wa kwanza
ili siku ifunguke.
Nimegonga fulana, mikufu ya kome, tembo wote mstari kwa mstari,
kwa noti yangu mwenyewe.

Kisha nikatoa suruali moja ya buluu,
nikaigeuza ndani nje,
nikatafuta uzi.