Pembe ya Nne

Nimeitia fremu picha hii mara arobaini na tatu.
Kila Novemba, theluji ikianza kutafuna kingo za ziwa,
huletwa dukani kwangu, mtaa wa Bay, mjini Thunder Bay:
ya shule, ya klabu ya maveterani, ya mjukuu wa mtu fulani.
Wanajeshi watatu, tope hadi magotini,
wamebeba mlango,
na juu ya mlango mwenzao kalala chali, buti moja hana.
Picha ilikuwa stempu. Sasa ni sanamu ya shaba pale bandarini,
njiwa wanaijua kuliko sisi.

Nami hukata pambizo la kadi,
inchi mbili kushoto, inchi mbili kulia,
kama nilivyofundishwa: jicho liende kwa mashujaa.

Leo kaja Raili Kantola na bahasha ya marehemu baba yake.
Chapa ya kwanza, kabla ya mkasi wa gazeti.
"Hesabu," akaniambia.
Nikahesabu watu.
"Hapana. Hesabu pembe."

Mlango una pembe nne.
Miaka kumi na minne naishi kwa pembe,
nakata mbao kutwa, nazioanisha ncha kwa ncha,
sikuwahi kuuliza ile ya nne kaishika nani.

Ajuza. Kitambaa kichwani, aproni imelowa,
kinywa wazi; huyu mtu anafoka.

"Mwenye nyumba," Raili akasema. "Mlango ni wake.
Waliung'oa kwenye bawaba bila hata hodi,
akawafuata hadi mtoni akiwatukana kwa Kiitaliano.
Maji yakawafika kiunoni. Gillis akateleza.
Bibi akaushika mlango aliokuja kuudai,
akauinua."

"Na huyu aliyelala?"

"Petrie. Alikata roho katikati ya mto.
Wote walijua. Arcand alijua, Gillis alijua,
baba alikuwa na kisigino chake shavuni.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.
Baba aliamini bibi naye alijua,
maana hapo ndipo alipoacha kufoka."

Ng'ambo wakamlaza kijana kwenye majani.
Yule mwanamke akajitwika mlango wake kichwani
akavuka kurudi, peke yake,
mizinga haijanyamaza.

Baba huyo aliitwa Urho. Kwa Kifini, jasiri.
Kiwandani, kwenye karatasi, aliomba wamwite Bob.
Siku ya gwaride alikuwa na kuni za kupasua.
Na kila Jumamosi, bila kukosa,
alitia mafuta bawaba zote za nyumba.

Nikamwambia Raili, kwetu tuna msemo:
kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko.
Nilimtafsiria nilivyoweza.
Akaifuta miwani kwa ncha ya skafu.
"Kwetu hakikuja kilio wala kicheko.
Kiliingia kimya, kikavua viatu,
kikakaa nasi miaka hamsini na mmoja."

Kisha, akiwa kama anaongea na kaunta:
"Watu huniuliza kama baba alikuwa shujaa.
Huwajibu, alikuwa pembe moja."

Nilipima upya. Fremu ya upana ule sina,
nikachonga mpya kwa mbao za mwaloni,
na pambizo nililikata jembamba, jembamba sana,
hadi vidole vya ajuza vikaonekana
vimekwama palipokuwa na kitasa.
Nje, ng'ambo ya maji, lile Jitu la mwamba
limelala chali kama lilalavyo siku zote;
leo ndiyo mara ya kwanza nawaza nani kalibeba.

Raili akalipa, akahesabu chenji, akaondoka.

Kesho inakuja nyingine, ya shule ya msingi:
saizi ya kawaida, bei ya kawaida,
inchi mbili kushoto.
Kisu kiko mezani.
Sijakizima taa wala sijakirudisha alani.