Karibu Tena, Casimir

Jumapili, Bi Genevieve Sobczak huketi na mkasi wa kushonea.
Habari za vita hazisomi. Anakwenda moja kwa moja
kwenye kurasa za rangi, zile zinazoteleza,
anazikata kwenye nukta kama fundi anayekata kola.
Bandubandu humaliza gogo,
na gogo lake ni bei ya dawa ya meno.

Mimi nilimjua kutoka ng'ambo ya kaunta,
duka la dawa la kona, mjini Erie,
ambako theluji hushuka Novemba na kusahau kuondoka.
Alifungua bahasha, akapanga kuponi kama karata.
"Hii ya kiwanda inatoa dola mbili,
hii ya duka, moja na nusu.
Pitisha hii kwanza, kisha hiyo,
na mashine yako itanidai senti tisa."
Siku moja nilibisha.
Mashine ikadai senti tisa.
Akazilipa moja moja, akizihesabu kwa sauti,
na foleni nyuma yake ikakohoa,
wengine kwa mafua, wengine kwa hasira.

Povu la kunyolea alichukua kila wiki,
maana pointi zilizidi bei.
Bibi, nani ananyoa?
"Ni bure," akasema. "Kitu cha bure hakiulizi ndevu."

Kisha niliuliza, kama nilivyofunzwa: namba ya simu?
Akataja ya simu ya mezani iliyokatwa zamani,
na kioo kidogo kikaandika:
KARIBU TENA, CASIMIR.

Casimir alikuwa na miaka minne chini ya ardhi.
Nikamwambia jina hubadilishwa, ni fomu ya dakika mbili.
Akanitazama kana kwamba nimemwomba figo.
"Pointi ni zake. Mimi ni mkono tu."

Risiti ilitoka, ikatoka, ikapita urefu wa shali yake,
na mwisho kabisa, chini ya kuponi za vitu asivyovitaka:
*Casimir, mwaka huu umeokoa dola 214.*
Mstari huo aliusoma polepole, midomo ikicheza.
"Umesikia?" akasema.
Nikajibu ndiyo,
kisha nikatambua kwamba hakuniuliza mimi.

Februari wakabandika karatasi mlangoni.
Kampuni imeanguka. Pointi zitumike kabla ya tarehe ishirini na nane.
Rafu zikabaki na kucha bandia, kadi za pasaka za mwaka jana,
na mishumaa yenye harufu ya kitu walichokiita bahari.

Alikuja siku ya mwisho, saa mbili usiku, bila bahasha.
"Zimebaki ngapi?"
Dola thelathini na moja na senti arobaini.
"Nikizitumia zote, kitaandika nini?"
Sifuri.
"Na jina?"
Jina litakuwepo, nikasema, mpaka saa tatu,
tukichomoa nyaya.

Akazunguka. Akarudi na betri, aspirini,
soksi za kubana miguu, krimu ya mikono iliyobonyea mfuniko.
Nikapiga hesabu: thelathini na moja na thelathini na tano.
Ningeweza kumtafutia pipi ya senti tano.
"Acha," akasema. "Hizo ni zake."

Mlangoni akageuka, akatoa mfuko wa plastiki mkobani,
akauweka kwenye kaunta uliokuwa tayari na kibandiko cha KUUZWA.
"Ndevu zako zinasikitisha."
Makopo matatu ya povu.

Saa tatu kasoro dakika moja niliibonyeza ile namba,
sikununua kitu.
Kioo kikamkaribisha.
Kisha meneja akachomoa waya.

Kesho yake, mbele ya kioo cha bafuni,
nilitikisa kopo la kwanza.
Lilitoa povu jingi kuliko uso ulivyohitaji.
Nikanyoa,
nikavaa shati la kola,
nikatoka kutafuta kazi.