Milimita Tatu Juu ya Ulimi

Daumantas amepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
mbao mpya, mita ishirini na mbili za mraba,
zinafungana zenyewe kama zipu,
zimechorwa mishipa ya mti ambao haukuota popote.
Siku mbili tu, anasema, wala hatutameza vumbi.

Mimi nimepiga magoti kando ya jiko,
nakwangua rangi ya kahawia kwa ncha ya kisu.
Rangi juu ya rangi, tabaka tano,
kila serikali na kopo lake.
Kisha, upana wa ukucha, mwaloni:
mkavu, wa manjano,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Alhamisi akaja Ugnė, fundi wa sakafu,
penseli sikioni, suruali imetoboka goti moja,
theluji ya Kaunas ikiyeyuka kutoka butini mwake juu ya gazeti.
Hakusema mengi. Aling'oa kizingiti,
akaingiza rula ya chuma ufani.
"Kila ubao una ulimi," akasema,
"ndio unaoushika mwenzake.
Msasa ukifika ulimini, sakafu imekufa.
Hapa mmebakiwa na milimita tatu.
Waliowatangulia wameshakula zao."

Itadumu? akauliza Daumantas.
"Mara moja naweza. Ya pili siahidi."

Akatembea akigonga kwa kisigino,
akisikiliza penye kulia na penye kunyamaza.
Chini ya dirisha, bomba la joto lilipovuja,
bisibisi ilizama kama kwenye mkate mbichi.
Mbao nne zimeoza.
"Ya kale dhahabu," Daumantas akanung'unika,
"na bei yake ya dhahabu."

Halafu Ugnė akashika pindo la zulia.

Zulia hilo halijawahi kuwa zuri.
Mama alilinunua kufunika alama ya pasi:
pembe tatu nyeusi, ncha ikielekea mlangoni.
Nilikuwa na miaka tisa. Simu ililia, nikaikimbilia.
Aliyechapwa ni Rasa,
kwa kuwa ndiye mkubwa,
na kwa kuwa mimi sikufungua kinywa
siku ile, wala mwaka ule,
wala hii thelathini na minne iliyofuata.

Ugnė akapapasa kwa kidole gumba.
"Hii imezama. Nikiifuata kwa msasa
nitatokea kwa jirani wa chini."

Usiku nikampigia Rasa, yuko Dublin, anaosha vyombo.
"Pasi gani?" akasema.
"Mimi nakumbuka baridi tu, tukiruka kutoka kitandani
miguu isiguse. Na harufu ya rangi mpya,
Mama akitufungia nje kutwa nzima."
Nikamwambia ni mimi niliyeunguza.
Maji yakaendelea kutiririka kwake.
"Haya," akasema. "Na paa je, bado linavuja?"

Nililala nikiwa sijasamehewa wala kulaumiwa,
jambo ambalo sikulipangia hesabu.

Tumeamua hivi, kama huku ni kuamua:
mbao za stoo, chini ya mitungi ya matango,
za mti uleule, ambazo hazijaona jua wala kisigino,
zing'olewe, zije dirishani na pale palipoungua.
Stoo ipate zile za zipu. Daumantas amefurahi,
anazipanga kwa namba, anapiga mluzi.
Sebule isagwe, mara hii moja.
Atakayekaa hapa baada yetu, samahani,
tumekula na chako.

Mashine inakuja Jumatatu.
Tumeziba matundu ya funguo kwa vitambaa vibichi,
kabati limesimama jikoni kama mgeni asiyejua aketi wapi.
Ubao wa pasi niliuomba. Ugnė aliukata bila kuuliza.
Nimeuegemeza nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.
Kila nikiufunga mlango, unaanguka.
Nauinua.