Kura Nne

Saa nne usiku karani Bernadine alitoka na karatasi,
akaibandika kwenye kioo cha mlango wa mahakama
kwa vipande vinne vya utepe,
ingawa siku hizi matokeo yanaingia simuni kabla yake.
Sisi wa Kaunti ya Pruett tunangoja karatasi.
Karatasi haina haja ya kukupendeza.

Sherifu: wetu. Hakuwa na mpinzani.
Mweka hazina: wetu.
Makamishna wote watatu, wetu,
na mmoja wao ni mpwa wangu, ila sikumpa kwa undugu,
nilimpa kwa sababu daraja aliloahidi lipo.
Tukapeana mikono. Baridi ilikuwa inauma masikio.

Nikarudi nyumbani, nikawasha televisheni,
na nchi ikaanza kunitoka, jimbo kwa jimbo.

Ramani ile! Nyekundu kutoka ukingo hadi ukingo.
Anayeitazama bila sauti angesema tumeshinda.
Lakini ng'ombe hawajiandikishi,
wala ekari ya mahindi haipangi foleni,
na vile vidoa vya buluu, vidogo kama kucha za mtoto,
ndani yake wamo watu, ghorofa juu ya ghorofa,
kila mmoja na kura moja, sawa na mimi.
Wanaosema tumeibiwa, siwasikilizi.
Bernadine namjua. Na huko mjini
nao lazima wana Bernadine wao.

Mwanangu Curtis anaishi ndani ya kidoa kimojawapo.
Alipiga simu. Hakucheka; namshukuru kwa hilo.
Akauliza mvua, nikamjibu mvua.

Asubuhi, mkahawani kwa Lorene,
Harlan Stroud alishika kikombe kama anayekinyonga.
Rais hakumkaa kooni kama maktaba.
Maana chini kabisa ya karatasi,
chini ya majaji na bodi ya magugu,
kulikuwa na ushuru wa maktaba:
Ndiyo, mia sita kumi na wawili.
Hapana, mia sita na wanane.

"Kura nne! Katika kaunti hii!
Kikulacho ki nguoni mwako."
Akatutazama mmoja mmoja
kama mtu anayehesabu ndama baada ya radi.
Nikakoroga kahawa yangu, isiyo na sukari.

Miaka arobaini na mitatu nimesema hapana.
Hapana kwa bwawa la kuogelea,
hapana kwa taa za barabara ambayo mwezi unaitosha.
Kodi ni mbigiri: ukiuonea huruma mche mmoja,
mwakani huna malisho.
Bado naamini hivyo. Sijageuka.

Ila macho ya Ardith yalipoanza kufifia,
Twyla wa maktaba alikuja kila Alhamisi,
maili ishirini na sita za changarawe,
na vitabu vya herufi kubwa ndani ya kreti ya maziwa.
Hakudai petroli.
Hata herufi kubwa zilipokuwa ndogo,
alivuta kiti akasoma yeye,
hadithi za mapenzi, jamani,
za mabwana wasiojua kufunga vifungo vya shati,
na mke wangu akicheka kule chumbani
wiki tatu kabla hajafa.

Basi kalamu ilipofika chini kabisa
mkono ulisimama.
Ulichofanya baadaye sisemi.
Kibanda kiliwekewa pazia kwa sababu.

"Watajulikana tu," Harlan akasema.
Nikasema, huenda.
Nikalipia na kahawa yake, jambo lisilo kawaida yangu,
nikatoka kabla hajalifikiria.

Kibao cha mgombea wangu bado kimesimama langoni.
Nitaking'oa Jumamosi.
Ardhi ikiganda kabla ya hapo,
kitakaa hadi Machi.