Mkono Mtupu

Baba anakumbuka ziwa Särkijärvi lilipokuwa na njaa.
Ukidondosha sarafu, asema, ungeiona
ikikukodolea macho kutoka chini, mita nne.
Samaki wachache, wembamba. Maji hayana ladha.
Mkono mtupu haulambwi,
na ziwa lile halikuwa na cha kulambwa.

Kisha yakaja magunia.
Shayiri ikapanda hadi kifuani mwake,
benki ikafurahi, mama akanunua jokofu,
na kila Aprili theluji ilipoyeyuka
mtaro ulibeba kidogo, kidogo tu,
fosforasi isiyoonekana hata kiganjani,
ukaishusha ziwani kama mtu alipaye deni kwa siri.

Mimi ndiye niliyesomeshwa kwa shayiri hiyo.
Sasa navaa glavu, najaza chupa, naandika
jina la ghuba, saa, joto la maji: ishirini na tatu.
Chini ya hadubini wamejipanga kama shanga.
Nimewatafutia uso, hawana.
Chuki pia hawana.
Wakipata fosforasi wanazaana;
naitrojeni ikiwafikia wanaifuma sumu
chembe kwa chembe, kama mwanamke afumaye soksi
huku akiwaza jambo jingine.
Wakikosa, wanabaki shanga.

Agosti, siku ya tatu bila upepo,
ghuba ya Tyyne ikawa rangi ya mlango wa zizi
kabla haujakauka.
Halla, mbwa wake, aliogelea kumfuata bata,
akatoka amevaa koti la kijani,
akalala kwenye ngazi za sauna, akajilamba.
Paja, kifua, mkia. Kwa bidii ya mbwa msafi.
Jioni miguu ilimkataa.
Usiku Tyyne akatupigia simu, hakusema kitu,
akaisogeza tu karibu na pumzi ile.

Kaburi alichimba Baba.
Hakuniuliza chupa zangu zilisema nini.
Alirudi na udongo kwenye kucha,
akasimama jikoni mbele ya bomba,
akajaza bilauri, akaiinua kwenye mwanga
kama anayetafuta sarafu.

“Kiasi gani?” akauliza. “Kwa mwaka. Kutoka kwetu.”

Nikamwambia.
Ni kidogo, Baba. Ingetosha ndoo moja.

Akaimwaga bilauri.
Akaosha mikono, akaiosha tena,
na maji yale, kama yote,
yakashika njia ya mtaro.