Uhakika wa Kutosha

Ghala ni la mzee Ndahani, liko Kizota,
mabati yake hulia upepo wa Julai ukipita.
Tumelipanga kwa miaka mitano,
milioni kumi na nne na laki nne kila mwisho wa mwaka.
Zamani niliandika mstari mmoja: kodi ya pango, imelipwa.
Kitabu kikafungwa.
Kesho ilikuwa shauri ya kesho.

Siku hizi kanuni inataka kesho iketi mezani leo.
Nimeikusanya miaka yote mitano,
nikaipunguza kwa asilimia kumi na tano,
maana shilingi ya mwaka wa tano inatoka mbali,
inafika imekonda.
Milioni sabini na mbili zikawa arobaini na nane na kidogo.
Nikaziandika mara mbili:
huku haki ya kutumia,
huku deni.

Meneja akavua miwani.
"Sechelela, deni hili umelitoa wapi?
Ghala si letu. Benki hatujakopa."
Ghala si letu, bosi, ila kulitumia ni kwetu,
na ahadi ni deni.
Bibi yangu alilijua hili kabla ya wakaguzi.
Akacheka: "Nguo ya kuazima haisitiri matako."
Inasitiri.
Ila iandikwe ni ya nani, na inarudi lini.

Mashine ya kukamua zabibu, miaka mitatu: imo.
Foklifti ya msimu, miezi minane: haimo, ni matumizi tu.
Printa ya ofisini ni ndogo mno,
hata mkaguzi anaipita kama kuku njiani.

Malipo ya kwanza nusu yanaliwa na riba,
nusu ndiyo inayopunguza deni.
Na ile haki nayo inachakaa,
sawasawa kila mwaka,
zabibu zizae zisizae.

Kisha kuna kifungu cha tisa:
mpangaji akipenda, ataongeza miaka mitano.
Hapo kanuni inauliza swali la mama mkwe:
mna uhakika wa kutosha kwamba mtakaa?
Haitaki kusikia nia. Inasema, tazama walichofanya.

Nikaenda Kizota kutazama.
Sakafu tumeimwagia zege.
Chumba cha baridi tumekijenga kwa hela zetu,
mtaro tumeuchimba hadi barabarani,
umeme mkubwa tumeuvuta nguzo sita.
Mtu anayeondoka hamwagi zege.
Nikaandika miaka kumi,
na deni likapanda hadi sabini na mbili na ushee.
Zile nilizozikata mwanzoni
zimerudi kwa mlango wa nyuma.

"Unatuzeesha," alisema meneja, akatia sahihi.

Jioni nikarudi Nkuhungu, chumbani kwangu.
Mkataba wangu ni wa mwezi kwa mwezi,
risiti za mama Nyemo nimezitunga kwenye msumari.
Kwa kanuni sina cha kuandika.
Mwaka wa sita huu namwambia mama kule Mpwapwa
napita tu, nikikusanya kidogo narudi.

Lakini macho yalikuwa bado ya kazini.
Simtanki la lita mia tano: nimenunua mimi.
Vigae vya bafuni: mimi, na fundi nikamlipa.
Kitasa nimebadilisha, ukuta nimepaka rangi ya maziwa,
na kwenye makopo dirishani
mchicha, vitunguu, na mche wa mzabibu
ambao hauzai kabla ya mwaka wa pili,
nami niliupanda mwezi jana.

Hata mama Nyemo, hati ya kiwanja chake
ni ya miaka thelathini na mitatu. Tulihesabu siku moja
tukianika nguo. Imebaki kumi na moja.
Alinyamaza, akaendelea kukamua shuka.

Simu ikalia.
"Sechelela, unarudi lini?"
Nikasikia maji yakipanda kwenye simtanki,
leo ni zamu yetu ya mgao.
Nikasema, mama, subiri nifunge koki.
Nikaenda kufunga.
Nikakaa huko muda mrefu kuliko koki ilivyohitaji.