Naomba Kuwasilisha

Jumapili nilimwandikia mama ujumbe,
kwamba pesa ya wapogoaji nimeituma.
Nikamalizia: "Naomba kuwasilisha."
Akanipigia toka Hombolo, kicheko kimemkaba:
"Sechelela, mimi nimekuwa Katibu Mkuu lini?"
Nikacheka naye. Nilisikia kicheko changu
kikifika kwa kuchelewa, kama mlio wa shoka
la mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde.

Ni Mei. Bunge la bajeti limekaa
na sisi wa Mtumba tunakaa kuliko Bunge;
kiti kimenikariri mgongo.
Saa sita za usiku tunasahihisha randama,
kasma kwa kasma, sifuri kwa sifuri,
chai ya rangi juu ya chai ya rangi,
mihogo imeganda kwenye gazeti la juzi.
Chilongani anasinzia, kalamu mdomoni.
Akizinduka husema, "Tuko pamoja,"
nasi tunaitika, "Tuko pamoja,"
bila yeyote kuinua macho.

Sikuumwa. Hilo ndilo lililonichanganya.
Malaria hakuna. Sukari safi.
Presha, alisema daktari wa Makole, ni ya msichana.
Akauliza, "Unalala?"
Nikasema nalala.
Sikumwambia kwamba naamka
kama mtu aliyekesha akishusha saruji.
Sikumwambia kuhusu Alhamisi:
dakika arobaini kwenye maegesho,
injini imezimwa, mkono umeshika kitasa,
kitasa hakina kosa, mkono hautaki.
Upepo ulikuwa unakipaka kioo vumbi jekundu,
tabaka juu ya tabaka,
na mimi nilishukuru, maana nilikuwa sionekani.

Wala sikumwambia kuhusu mwalimu Ndahani,
mstaafu, aliyekuja mara ya nne
kuulizia malimbikizo yake.
Alipoanza kulia nilitazama saa.
Mimi! Mwaka wangu wa kwanza kazini
mtu kama yeye nilimpa nauli ya kurudi Kondoa
na chakula cha mchana nikakikosa kwa raha.
Sasa nilihesabu kurasa za faili lake
nikingoja amalize, kama unavyongoja mvua
ikiwa nguo hukuanika.

Kibatari kikiishiwa mafuta hakizimi papo hapo.
Utambi huanza kujila,
na kwa kitambo mwanga huwa mkali kuliko kawaida.
Ndicho kitambo ambacho mkurugenzi
alisimama mlangoni kwangu, akasema,
"Mwezi huu umetuheshimisha."

Jina langu kwa Kigogo ni amri: shangilia.
Nimelitii miaka thelathini na sita,
harusini, vikaoni, kwenye picha za idara,
sijawahi kuuliza ni nani aliyeniagiza
wala agizo lina kikomo.

Mama alikuwa bado anaongea.
Mizabibu tumeinyima maji, anasema,
imeshazaa, wacha isinyae kwanza ndipo tuikate.
Jirani yake kaifululiza, msimu kwa msimu,
mwaka huu kavuna majani.
Hakuwa ananifundisha.
Alikuwa akilalamikia bei ya zabibu
na vijana wa siku hizi wanaopogoa kama wanafyeka.
Mimi ndiye niliyenyamaza.

Fomu ya likizo ina nafasi ya sababu,
ndefu kama kidole.
Niliandika "uchovu", nikafuta.
Watasema, nani hajachoka?
Nikaandika "mambo ya kifamilia", nikafuta,
karatasi ikatoboka palepale.

Jumatatu, maegeshoni, nilitoa simu.
Mama, nimechoka. Si mwili.
Nikaangalia mwisho wa sentensi,
pale vidole vilipotaka kuongeza kitu.
Nikavizuia. Nikatuma.

Akajibu baada ya muda, maana huandika kwa kidole kimoja:
"Imepokelewa. Njoo."

Nililisoma neno hilo la kwanza mara tatu,
kioo kikizidi kuwa chekundu,
mkono bado uko kwenye kitasa.